Kombe la Mataifa ya Afrika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu historia yake

Kila mashindano yanapokaribia, maswali huwa yale yale: nani alianzisha, mbona mwaka ulioandikwa kwenye jina si mwaka wa kuchezwa, sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa wapi siku zote hizo. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu moja moja. Kuna dhana imeota mizizi kwamba kombe hili ni mali ya nchi za Magharibi na Kaskazini, na sisi wa upande huu ni watazamaji tu. Historia inasema vingine.

Kombe hili lilianza lini, na wapi?

Februari 1957, mjini Khartoum. Wazo lenyewe lilizaliwa Juni 1956 mjini Lisbon, Ureno, wajumbe wa Afrika walipokwenda kuhudhuria mkutano mkuu wa FIFA. Nchi nne, yaani Misri, Sudan, Ethiopia na Afrika Kusini, zilikubaliana kwamba bara liwe na shirikisho lake na kombe lake. Februari iliyofuata wakakutana tena Khartoum, wakaunda Shirikisho la Soka Afrika (CAF), na baada ya siku chache tu mpira ukawekwa kati.

Hebu tazama kalenda ya wakati ule. Sudan, mwenyeji, ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ipate uhuru. Ghana ilikuwa bado Gold Coast, uhuru wake ukaja mwezi uliofuata. Sehemu kubwa ya bara ilikuwa chini ya wakoloni, lakini kombe la bara lilikuwa tayari limeshaanza kushindaniwa.

Ni kweli mashindano ya kwanza yalikuwa na mechi mbili tu?

Kweli kabisa. Misri iliifunga Sudan 2-1 katika nusu fainali, kisha ikaichapa Ethiopia 4-0 kwenye fainali. Mabao yote manne yalifungwa na mtu mmoja, Mohamed Diab El-Attar, aliyejulikana zaidi kwa jina la Ad-Diba. Mtu huyo huyo alirudi mwaka 1968 akiwa na filimbi mdomoni na kuchezesha fainali ya kombe hilo hilo. Sijui kama dunia ina mwingine aliyefunga mabao manne katika fainali ya bara lake na baadaye akawa mwamuzi wa fainali nyingine.

Nusu fainali ya pili ilikwenda wapi?

Haikuchezwa. Ethiopia ilikuwa ipambane na Afrika Kusini, na hapo ndipo penye kiini cha historia yote hii.

Serikali ya Afrika Kusini ilikuwa imeshaweka ubaguzi wa rangi kuwa sheria. Chama chao cha soka kilikuwa tayari kuleta timu ya weupe watupu, au timu ya weusi watupu. Timu yenye mchanganyiko, hapana. Misri, Sudan na Ethiopia zikasema: njooni na timu ya watu wote, la sivyo msije. Hawakuja. Ethiopia ikaingia fainali bila kucheza.

Fikiria uzito wa uamuzi huo. Shirikisho lina wanachama wanne, halina fedha, halina jina, mashindano yake ya kwanza hayajaanza, na bado linakubali kumpoteza mmoja kati ya hao wanne kuliko kumeza ubaguzi. FIFA ilikuja kuisimamisha Afrika Kusini mwaka 1961, miaka minne baadaye, ikalegeza msimamo mwaka 1963, ikaisimamisha tena 1964, na kuifukuza moja kwa moja mwaka 1976. Waafrika walikuwa wamekata shauri mapema zaidi, tena wakiwa wachache na maskini. Kwangu mimi hilo ni tendo kubwa kuliko bao lolote lililofungwa tangu siku hiyo.

Mtu wa kukumbukwa katika vita hivyo ni Mwethiopia Yidnekatchew Tessema. Alikuwa mchezaji, akawa kocha, kisha akawa rais wa CAF kuanzia 1972 hadi alipofariki mwaka 1987. Hakuishi kuona Afrika Kusini ikirejea.

Ilirejea lini?

Ilirudishwa katika soka la kimataifa mwaka 1992, na mwaka 1996 ikacheza fainali za Afrika kwa mara ya kwanza, nyumbani kwake. Februari 3, 1996, mjini Johannesburg, Bafana Bafana waliifunga Tunisia 2-0, mabao yote ya Mark Williams aliyetokea benchi. Nahodha Neil Tovey, mzungu, akainua kombe huku Nelson Mandela akiwa amevaa jezi ya timu ya taifa. Timu ya watu wote, ile iliyodaiwa mwaka 1957, ilikuwa hatimaye imekuja.

Nchi za Afrika Mashariki zilikuwa wapi?

Zilikuwa ndani tangu mwanzo. Sudan na Ethiopia ni waasisi, na katika mashindano kumi ya kwanza, matano yaliandaliwa na nchi hizo mbili: Sudan 1957 na 1970, Ethiopia 1962, 1968 na 1976.

Nazo zilibeba kombe. Mwaka 1962 mjini Addis Ababa, Ethiopia iliifunga Misri (wakati huo ikiitwa Jamhuri ya Muungano wa Kiarabu) 4-2 baada ya muda wa ziada. Ndugu wawili, Luciano na Italo Vassalo, wazaliwa wa Asmara, walifunga siku hiyo, na Luciano, nahodha, akapokea kombe kutoka kwa Mfalme Haile Selassie. Sudan ikatwaa lake mwaka 1970 mjini Khartoum kwa kuifunga Ghana 1-0.

Uganda ilicheza fainali hizo za 1962, ikiwa bado miezi tisa kabla ya kupata uhuru. Kilele chake ni 1978 nchini Ghana: iliitoa Nigeria 2-1 katika nusu fainali, ikafungwa 2-0 na wenyeji kwenye fainali mjini Accra. Phillip Omondi alimaliza akiwa miongoni mwa wafungaji bora wa mashindano. Kisha ukaja ukimya mrefu. Korongo, kama timu ya Uganda inavyoitwa, hawakurudi tena hadi 2017, miaka 39 baadaye.

Kenya iliingia mwaka 1972 nchini Kameruni, ikatoka sare na Mali na Togo, ikafungwa na wenyeji 2-1.

Na Tanzania?

Lagos, 1980. Safari ya kwenda huko ilikamilishwa mjini Ndola, mwaka 1979, pale bao la Peter Tino lilipoipa Taifa Stars sare ya 1-1 dhidi ya Zambia baada ya ushindi wa 1-0 nyumbani. Waliokuwa na redio siku ile hadi leo ukiwatajia jina la Tino wanatabasamu kabla hujamaliza sentensi.

Huko Nigeria, Stars walifungwa na wenyeji 3-1, wakafungwa na Misri 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Côte d'Ivoire. Juma Mkambi alifunga dhidi ya Nigeria. Mabao mengine mawili ni ya Thuwein Ally. Wenyeji waliotufunga ndio waliobeba kombe, kwa kuilaza Algeria 3-0.

Halafu tukasubiri. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa na miaka 39 Stars waliporudi, nchini Misri mwaka 2019. Mwaka huo Uganda, Kenya, Tanzania na Burundi zote zilifuzu. Kenya na Tanzania zikapangwa kundi moja, na mechi yao mjini Cairo ilikuwa patashika: Simon Msuva akafunga mapema, Michael Olunga akasawazisha, Mbwana Samatta akaifungia Stars la pili dakika moja tu baadaye, kisha Kenya ikageuza kibao na kushinda 3-2. Mtanzania ninayeandika haya bado linaniuma, lakini ilikuwa mechi safi.

Timu zimeongezeka vipi?

Tatu mwaka 1957 na 1959, nne 1962, sita 1963 na 1965, nane kuanzia 1968, kumi na mbili 1992, kumi na sita kuanzia 1996, na ishirini na nne kuanzia 2019.

Ni nchi gani imelibeba mara nyingi zaidi?

Misri, mara 7: 1957, 1959, 1986, 1998, 2006, 2008 na 2010. Yale matatu ya mwisho yalifuatana, na hakuna nchi nyingine iliyowahi kufanya hivyo. Kameruni inafuata kwa 5, Ghana 4, Nigeria na Côte d'Ivoire 3 kila moja.

Kombe lenyewe ni lile lile tangu 1957?

Hapana, ni la tatu. La kwanza lilipewa jina la Abdelaziz Abdallah Salem, Mmisri aliyekuwa rais wa kwanza wa CAF. Utaratibu ulikuwa kwamba atakayelitwaa mara tatu analichukua moja kwa moja. Ghana ilifanya hivyo 1978. Likaja Kombe la Umoja wa Afrika kuanzia 1980, na Kameruni ikalichukua jumla mwaka 2000 baada ya kushinda 1984, 1988 na mwaka huo. Hili tunaloliona sasa likafuata.

Nani amefunga mabao mengi zaidi?

Samuel Eto'o wa Kameruni, mabao 18. Alivunja rekodi ya Laurent Pokou wa Côte d'Ivoire, mwenye 14, yakiwemo matano aliyoifunga Ethiopia katika mechi moja mwaka 1970.

Rekodi ya mashindano mamoja ni mabao 9, na mwenye nayo ni Ndaye Mulamba wa Zaire, mwaka 1974 nchini Misri. Fainali dhidi ya Zambia iliisha 2-2 hata baada ya muda wa ziada. Penalti za kuamua zilikuwa bado hazijaanza kutumika kwenye fainali, hivyo ikarudiwa baada ya siku mbili. Zaire 2, Zambia 0. Mabao yote manne ya Zaire katika mechi hizo mbili yalifungwa na Ndaye.

Naomba niendelee kidogo, maana wengi wanaijua rekodi na hawamjui mtu. Miaka ishirini baadaye, baada ya CAF kumpa heshima, majambazi walimvamia nyumbani na kumpiga risasi mguuni. Alikimbilia Afrika Kusini kama mkimbizi. Mwaka 1998, kwenye fainali za Burkina Faso, uwanja ulisimama kimya dakika moja kumwombolezea kwa sababu habari zilikuwa zimeenea kwamba amekufa. Alikuwa hai, Cape Town, akilinda magari ya watu kwenye maegesho. Alifariki Januari 2019. Wanaosema soka la Afrika halitunzi mashujaa wake wana ushahidi, na jina la ushahidi huo ni Ndaye Mulamba.

Kwa nini watu hulia wakizungumzia Zambia ya 2012?

Kwa sababu ya Aprili 27, 1993. Ndege ya jeshi iliyoibeba timu ya taifa ya Zambia kwenda Dakar kucheza na Senegal mechi ya kufuzu Kombe la Dunia ilitua Libreville, Gabon, kujaza mafuta. Iliporuka tu, ikaanguka baharini. Watu wote 30 walikufa, wachezaji 18 wakiwemo, pamoja na kocha Godfrey Chitalu, mmoja wa washambuliaji wakubwa kabisa waliowahi kutokea nchi hiyo. Kalusha Bwalya alinusurika kwa kuwa alikuwa akicheza Uholanzi na angejiunga na wenzake kwa njia nyingine.

Zambia iliunda timu mpya. Chini ya mwaka mmoja baadaye timu hiyo ilikuwa kwenye fainali ya Afrika mjini Tunis, ikatangulia kufunga, na kupoteza 2-1 kwa Nigeria kwa mabao mawili ya Emmanuel Amunike.

Sasa twende 2012. Gabon na Guinea ya Ikweta ziliandaa pamoja. Zambia ilicheza mechi zake zote upande wa Guinea ya Ikweta, hadi ilipofuzu fainali. Na fainali ilikuwa Libreville. Walipowasili, wachezaji walikwenda ufukweni karibu na mahali ndege ilipoangukia, wakaimba na kuweka maua majini. Kalusha, sasa akiwa rais wa chama cha soka cha nchi yake, alikuwa pamoja nao.

Wapinzani walikuwa Côte d'Ivoire ya Didier Drogba na Yaya Touré, timu ambayo haikuwa imeruhusu bao hata moja tangu mashindano yaanze. Mapema tu beki Joseph Musonda akaumia na kutoka akilia. Kipindi cha pili Drogba akapaisha penalti. Ikawa 0-0 hadi kwenye matuta, yaani penalti za kuamua mshindi. Wachezaji wa Zambia wakapiga magoti katikati ya uwanja, wameshikana, wanaimba. Hata kipa Kennedy Mweene alipiga na kufunga. Kolo Touré akakosa, Gervinho akakosa, na Stoppila Sunzu akamaliza kazi: 8-7. Picha ninayoikumbuka si ya kombe. Ni ya kocha Hervé Renard akimbeba Musonda mikononi, kama mtoto, akimpeleka kwa wenzake waliokuwa wakishangilia, kwa sababu mguu wake haukuweza kumfikisha.

Matuta yaliyochukua muda mrefu zaidi ni yapi?

Katika fainali, ni ya 1992 mjini Dakar. Côte d'Ivoire na Ghana zilitoka 0-0, kila mchezaji uwanjani akapiga, makipa nao wakapiga, na duru ikaanza upya. Côte d'Ivoire ikashinda 11-10. Abedi Pele, nyota wa Ghana, alitazama yote akiwa nje kwa sababu ya kadi. Mwaka 2015 timu hizo hizo zilikutana tena kwenye fainali, zikatoka 0-0 tena, na Côte d'Ivoire ikashinda tena, safari hii 9-8. Kipa Boubacar Barry aliokoa tuta la kipa mwenzake, kisha akaenda mwenyewe kufunga la ushindi.

Siasa zimewahi kuyavuruga mashindano?

Mara nyingi. Mwaka 1996 Nigeria, bingwa mtetezi, ilijitoa baada ya Mandela kuukemea utawala wa kijeshi wa Sani Abacha kwa kumnyonga mwandishi Ken Saro-Wiwa. Mashindano yakachezwa na timu 15, na Nigeria ikafungiwa ya 1998. Kizazi kile cha Nigeria ndicho kilichotwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka huo huo wa 1996, kwa hiyo hasara ilikuwa yao na yetu pia.

Uenyeji nao umehamahama. Mashindano hayo ya 1996 awali yalikuwa ya Kenya, yakaondolewa. Ya 2000 yalikuwa ya Zimbabwe, yakapelekwa Ghana na Nigeria. Libya ilipoteza ya 2013 kwa sababu ya vita, na Moroko ikaomba kuahirisha ya 2015 kwa hofu ya Ebola, CAF ikakataa na kuyapeleka Guinea ya Ikweta.

Baya kuliko yote lilitokea Januari 8, 2010, pale basi la timu ya Togo liliposhambuliwa kwa risasi jimboni Cabinda, Angola. Watu wa msafara waliuawa, na Togo ikarudi nyumbani kuzika.

Mbona "mashindano ya 2021" yalichezwa 2022?

Jina hubaki na mwaka uliopangwa hata tarehe zikisogezwa. Ya 2021, Kameruni, yaliahirishwa kwa sababu ya korona. Ya 2023, Côte d'Ivoire, yalisogezwa hadi Januari 2024 kukwepa msimu wa mvua. Kuanzia 1968 hadi 2012 yalikuwa yakichezwa miaka shufwa. Kuanzia 2013 yakahamishiwa miaka witiri ili yasigongane na Kombe la Dunia.

Je, kucheza nyumbani kunasaidia kweli?

Inasaidia: wenyeji wametwaa zaidi ya mara kumi. Lakini waulize Wakodivaa. Januari 2024 walichapwa 4-0 na Guinea ya Ikweta mjini Abidjan, wakamaliza makundi na pointi tatu, na kocha Jean-Louis Gasset akaondoka kabla hata haijajulikana kama wamepita. Walipita kwa sababu Moroko iliifunga Zambia. Msaidizi, Emerse Faé, akashika timu ambayo siku mbili kabla ilikuwa inazomewa.

Wakaitoa Senegal, bingwa mtetezi, kwa matuta. Dhidi ya Mali wakabaki kumi kabla ya mapumziko, wakasawazisha dakika ya 90 na kushinda mwishoni kabisa mwa muda wa ziada. Fainali, Nigeria ikatangulia. Franck Kessié akasawazisha kwa kichwa, na dakika ya 81 Sébastien Haller akanyoosha mguu mbele ya beki na kuugusa mpira kidogo tu, ukaingia. Haller alikuwa amegundulika na saratani ya korodani mwaka 2022, akatibiwa, akarudi uwanjani.

CHAN ni kitu kimoja na hiki?

Hapana. CHAN ni mashindano mengine ya CAF, ya wachezaji wa ligi za ndani ya nchi zao pekee, na ilianza 2009.

Ni lini mara ya mwisho kombe hili lilikuja ukanda wetu?

Ethiopia, 1976. Mwaka ule bingwa alipatikana kwa ligi ya timu nne badala ya fainali, na Moroko ilihitaji sare tu dhidi ya Guinea katika mechi ya mwisho mjini Addis Ababa. Ilikuwa nyuma kwa bao moja hadi dakika nne kabla ya filimbi, ndipo Ahmed Makrouh, aliyeitwa "Baba", akapiga shuti lililoipa nchi yake kombe. Tangu jioni hiyo hakuna nchi ya ukanda wa CECAFA (baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati) iliyoandaa tena. Septemba 27, 2023, CAF iliwapa Kenya, Uganda na Tanzania mashindano ya 2027. Ombi lao liliitwa Pamoja, na halijawahi kutokea kabla nchi tatu kuandaa kwa ubia.